Nilivyowahamisha wateja wangu kutoka kwenye kaunta buku

Duka letu ni la kushona mapazia, liko Sinza, Dar es Salaam. Tuko wanne: mimi, fundi mkuu ambaye alianza kazi enzi za mama yangu, fundi msaidizi na dada wa kaunta. Kumbukumbu za wateja zilikuwa zimetapakaa. Nyingine kwenye kaunta buku, nyingine kwenye WhatsApp ya simu ya duka, na nyingi, tena zile za maana, kichwani mwa fundi mkuu. Kuna wakati tukaongeza na programu ndogo iliyotengenezwa na kijana mmoja wa mtaani. Ilikuwa inakaa kwenye simu moja tu, kwa hiyo simu ikienda kuchajiwa chumba cha nyuma, mteja anasubiri.

Kilichonichosha ni mama mmoja wa Mbezi aliyelipa salio mara mbili. Mara ya kwanza alinipa mimi mkononi, nikaandika kwenye daftari. Siku mbili baadaye dada akamkumbusha deni, maana kwenye programu lilikuwa bado linaonekana, naye akatuma tena kwa M-Pesa bila neno. Maneno yalikuja alipogundua. Pesa tulimrudishia siku ileile, lakini yale aliyoniambia siku hiyo ninayo hadi leo.

Nikatafuta mfumo wa wateja unaofunguka kwenye simu yoyote na kwenye kompyuta. Bei yake ni kwa kila mtumiaji, kwa mwezi, tena kwa dola, kwa hiyo nikalipia watu wawili tu, mimi na dada. Mafundi hawana shughuli na namba za wateja.

Nilidhani kuhama ni suala la siku moja. Ilinichukua wiki tatu za usiku, na karibu zote ziliishia kwenye majina. Mfumo unataka jina la kwanza, jina la ukoo na barua pepe. Mimi nilikuwa na “Mama Junior”, “Mama Junior Goba”, “Mama J shea nyeupe”, na mwingine aliyehifadhiwa kama “Usimkopeshe”. Nikamuuliza dada huyu Usimkopeshe ni nani. Akaangalia namba, akacheka: “Bosi, si ndiye huyohuyo Mama J? Ile ni laini yake nyingine.” Watu wanne wakawa wawili. Orodha iliyoanza na majina 1,140 ilibaki na 700 na kidogo, na hapo ndipo nilipojua biashara yangu ni ndogo kuliko nilivyokuwa najisifia.

Kisha zikaja namba za simu. Kijana alinipa faili la wateja kutoka kwenye programu yake, nikalifungua kwa Excel. Excel ikaona 07 na 06 ni hesabu za kawaida, ikakata sifuri zote za mbele. Zile zilizoanza na 255 zikageuka kitu kama 2.55754E+11. Mimi nikahifadhi faili hivyohivyo. Nilipolifungua tena, tarakimu za mwisho zilikuwa zimekuwa sifuri tupu. Bahati yangu, faili la mwanzo lilikuwa bado kwenye WhatsApp. Mara ya pili niliingiza safu ile kama maandishi, si hesabu, kisha nikazipanga namba zote zianze na +255. Hilo la pili lilinisaidia kuliko nilivyotegemea, kwa sababu mfumo unatambua mteja aliyejirudia kwa namba yake, na kwake 0754 na +255754 ni watu wawili.

Tarehe nazo. Mfumo ulikuwa unasoma mwezi kwanza. Tarehe 25/03 ikakataliwa waziwazi, nikaiona. Lakini 03/07 ikapita kimyakimya, ikawa Machi. Ukiwa na oda za miaka mitatu, hizo zinazopita kimya ndizo za kuogopa.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Niliacha ujumbe wa “mapazia yako yapo tayari” ukiwa umewashwa wakati napakia oda za zamani. Saa tano usiku, watu wote ambao oda zao ziliandikwa “imekamilika” wakapata ujumbe. Asubuhi dada akanipigia: “Bosi, njoo, hapa kumejaa.” Mmoja alikuwa ametoka Kibaha, nikamrudishia nauli. Mwingine aliniuliza kwa simu nani kanipa ruhusa ya kumtumia matangazo usiku, na alikuwa na haki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza mteja hata mmoja. Sasa dada anauliza wakati wa kupokea oda, na asiyetaka anawekewa alama.

Ila katika vurugu ile alikuja mama mmoja mtulivu, akasema hajawahi kuchukua mapazia yake. Nikajiandaa kumwomba radhi kama wengine. Fundi akainuka, akaenda stoo, akarudi na kiroba chenye vumbi. Kweli yalikuwa yake.

Fundi hajagusa mfumo na simlazimishi. Anapima kwa futi kamba, anaandika kwenye kaunta buku, jioni dada anapiga picha ukurasa na kuubandika kwenye kadi ya mteja. Wiki iliyopita mteja wa zamani alipiga simu akitaka pazia jipya la jikoni, vipimo vilevile. Dada akafungua kadi, akasoma kwa madaha: futi nne kwa tatu na nusu. Fundi, bila kuinua macho kwenye cherehani, akasema: “Wale walishabadilisha madirisha, wameweka ya aluminiamu. Mwambie nakuja kupima.”

Alikwenda. Dirisha lilikuwa limepungua inchi sita.