Siku moja maishani mwangu: picha iliyokuwa ikikatika kila baada ya dakika nne

Watu wakiniona na ngazi, kebo begani na kompyuta mpakato mkononi, huniita fundi wa TV. Kazi yangu hasa haiko kwenye TV. Iko ndani ya kabati la vifaa, kwenye swichi, kifaa cha mtandao kinachoamua data itoke kwenye tundu (poti) lipi, ambacho wengi hudhani ni kisanduku cha kuchomekea waya.

Saa 1 asubuhi. Nafungua kabati kabla jengo halijajaa. Leo tunasambaza picha kutoka vyanzo 6 kwenda skrini 24, katika ukumbi mkubwa wa mikutano na vyumba vya pembeni. Kila chanzo kinapita kwenye enkoda, kifaa kinachogeuza picha kuwa data ya mtandao, kila skrini ina king'amuzi chake cha kuirudisha kuwa picha, na katikati kuna swichi kuu ya jengo pamoja na swichi yetu ya ukumbini.

Saa 2 hadi saa 4: lebo, kebo, anwani za IP, kuzima hali ya kuokoa umeme kwenye poti zote, maana poti inayosinzia inakwaruza picha. Anwani za mikondo, yaani picha zinazosafiri mtandaoni, naziweka mbali na zile zinazoanza na 239.0.0, kwa sababu kwenye swichi hizo hugeuka kuwa anwani za maunzi (MAC) zilezile za 224.0.0, ambazo swichi huzimwaga kila mahali bila kuuliza. Mikono imeshayazoea haya.

Mzigo tunaoubeba si mdogo. Picha ya 4K yenye fremu 60 kwa sekunde, isiyokandamizwa, inadai karibu Gbps 12 (gigabiti kwa sekunde). Enkoda huibana mpaka ipite kwenye poti ya Gbps 1, na hata hapo mkondo mmoja unakula karibu Mbps 850 (megabiti kwa sekunde). Tunautuma kwa maltikasti: enkoda inatuma mara moja, na ving'amuzi vinavyoutaka vinaomba kujiunga. Swichi isiyofuatilia maombi hayo humwaga mikondo yote kwenye kila poti. Ikimwagwa miwili tu, poti imezidiwa na skrini zinaganda vipande vipande. Ndiyo maana tunawasha snupingi ya IGMP, yaani kuchungulia ujumbe wa IGMP ambao ving'amuzi huutumia kuomba mikondo, ili swichi isikilize nani ameomba nini na kila poti ipate chake.

Saa 5 kasoro robo picha zikawaka zote. Msimamizi wa jengo akaingia, akapiga makofi.

"Fundi, umemaliza. Vijana waanze kupanga viti."

"Nipe dakika kumi, bosi."

"Za nini tena? Picha si hii hapa?"

Nikamweleza kwamba kuwaka bado si kazi, nataka kuona zinakaa. Akaanza kunisimulia jinsi televisheni ya kwake inavyowaka asubuhi mpaka usiku bila fundi kuisimamia. Hajamaliza, skrini zote 24 zikawa nyeusi kwa mpigo.

Nilikuwa nikiliogopa hilo hilo. Snupingi haikumbuki milele. Lazima kuwe na kifaa kimoja kinachouliza, kwa mpangilio wa kawaida kila baada ya sekunde 125, nani bado anautaka mkondo huu. Ving'amuzi vikijibu, swichi inaendelea kuwapa. Muulizaji asipokuwepo, swichi inangoja sekunde 260, inafuta orodha, inakata. Dakika 4 na sekunde 20. Picha ikifa kwa muda uleule kila mara, acha kubadilisha kebo, katafute muulizaji. VLAN tuliyotengewa, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa na vingine, haikuwa na ruta, kifaa cha kuunganisha mitandao ambacho mara nyingi ndicho huuliza, na ombi langu la maandishi kwamba muulizaji awashwe kwenye swichi kuu halikuwa limefanyiwa kazi. Nenosiri la swichi hiyo ninalo? Sina. Ni la watu wa mtandao wa jengo.

Hapo ndipo siku ilipoharibika. Mwenye nenosiri yuko likizo. Msaidizi wake hana ruhusa. Mwenye kutoa ruhusa yuko kikaoni. Msimamizi anapita kila mara akiuliza imefikia wapi, na kila akipita nabofya upya mikondo ili apate dakika zake nne za picha, kisha giza, kisha lawama.

"Swichi yako si hiyo hapo? Washa huko huko!"

Ningeweza, na picha ingerudi, lakini vibaya. Swichi hupeleka mikondo yote upande aliko muulizaji, hata kama hakuna aliyeiomba huko. Enkoda zetu ziko kwenye swichi kuu. Muulizaji akikaa ukumbini, mikondo yote 6 ingejibana kwenye kebo ya Gbps 1 inayoziunganisha swichi hizi mbili. Nilimchorea kwenye karatasi. Hakuitazama. Miguu ilikuwa inawaka moto, na bado nikakataa, maana ukumbi ukishajaa ni mimi nitakayetafutwa.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka msaidizi alipokuja na ruhusa yake. Akafungua swichi, akanipisha kiti. Nikaipa anwani ndani ya VLAN ya video, nikamwasha muulizaji, basi. Dakika 5, picha ipo. Dakika 10, ipo. Nikahifadhi mipangilio, kisha nikachomoa umeme wa swichi kuu makusudi, kwa sababu mipangilio isiyohifadhiwa hupotea umeme ukikatika, na sitaki hilo ligunduliwe katikati ya mkutano wa watu. Msimamizi alipiga kelele mpaka zilipowaka tena. Nikangoja sekunde 260 nyingine na zaidi.

Karatasi ya makabidhiano nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, na msaidizi ameisaini. Ina anwani ya muulizaji, na onyo moja nililolipigia mstari: siku ruta ikiunganishwa kwenye VLAN hii, anwani yake isiwe ndogo kuliko ya swichi kuu, kwa kuwa mwenye anwani ndogo ndiye anayeshinda kazi ya kuuliza, na mikondo yote itaelekea kwake.