Vitao tisa

Mwaka 2011 mteja mmoja wa Mombasa aliniagiza nimnakilie picha ya Edwin Lord Weeks, Mmarekani mzaliwa wa Boston aliyefanyia kazi Paris. Picha inaonyesha saa ya sala ndani ya Moti Masjid, msikiti wa marumaru nyeupe alioujenga Shah Jahan katika ngome ya Agra. Kanvasi ya sentimita 90 kwa 60, ya kutundika sebuleni.

Mbele ya ukumbi kuna matao saba, na ukingo wa kila tao umechongwa vitao vidogo tisa. Mimi nilishika bikari nikagawa upinde nusu, kisha nusu tena, mpaka nikapata vinane. Nikapaka rangi. Mteja alipokuja kuchungulia akauliza, "Fundi, mbona tao lina jino?"

Kweli lilikuwa nalo. Idadi ikiwa shufwa, kileleni hakikai kitao. Hukaa ncha inayotenganisha viwili, ikaning'inia pale kama jino la mbele.

Nikakwangua kwa kisu na kufuta kwa tapentaini. Safari hii nililaza uzi juu ya upinde, nikaukata vipande tisa sawa, nikaanzia kileleni: nusu kipande kila upande, halafu vinne kushuka kushoto, vinne kulia. Matao yanayotazamwa kwa upande nilichora kwanza yakiwa wima mbele yangu, ndipo nikayabana upana.

Tatizo la pili lilikuwa kivuli. Nilichanganya nyeupe ya titani na nyeusi, marumaru ikawa saruji. Isitoshe, nyeusi ya kaboni hukauka polepole. Ukiifunika mapema kwa tabaka linalowahi kukauka, juu hupasuka. Nikaiacha. Ukuta wa kivulini unaotazama anga nikaupa ultramarini, yaani bluu iliyokolea, na oka kidogo, rangi ya manjano ya udongo, ndani ya nyeupe. Tumbo la tao, yaani upande wake wa ndani unaotazama chini, ni jambo jingine: linatazama sakafu yenye jua, kwa hiyo hupokea joto kutoka chini, na hapo oka huzidi bluu. Wanaonakili wengi hupaka tao zima bluu, likapoa kama friji. Nyeupe tupu niliibakiza kwa madoa machache ya kuba.

Vanishi ilihitaji kusubiri miezi sita. Mteja aliitaka kabla ya Idi, nikampa bila vanishi.