Namna nilivyojifunza kumjua pora kabla hajawika

Kati ya mitetea wanne niliomuuzia jirani yangu, wawili waliwika. Alikuja asubuhi na mapema, ni mama mtu mzima, nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu. Wale kuku wako wawili wanawika." Hakufoka. Lakini alikuwa amewalisha pumba na dagaa kwa wiki kadhaa akisubiri mayai, na mimi ndiye niliyemhakikishia kwa mdomo wangu kwamba wote ni majike, kumbe wawili walikuwa pora, yaani majogoo wachanga. Siku hiyo hiyo nilimpa mitetea wawili wengine, wakubwa, ambao tayari walikuwa wanataga. Kisha nikaapa kwamba siuzi tena kuku kwa kukisia.

Nafuga nyuma ya nyumba hapa Morogoro. Kuku wangu ni wa kienyeji, mchanganyiko: wa kawaida, kishingo wachache (wasio na manyoya shingoni), na wengine wenye damu ya kuchi, aina ya kuku warefu, kutoka kwa jogoo aliyeletwa kutoka Tabora. Mchanganyiko huo ndio ulionisumbua, kama nilivyokuja kuelewa baadaye.

Nyumbani tulilelewa tukiamini kwamba yai lililochongoka linatoa jogoo na la mviringo linatoa mtetea. Nilichagua mayai ya kuatamia kwa namna hiyo miaka mingi. Nilipoanza kuangalia kwa makini niliona kila koo, yaani kuku mama, ana umbo lake la yai, anataga lile lile karibu kila siku, na bado vifaranga wake wanatoka wamechanganyika. Kwa kuku, jike ndiye anayeamua kama kifaranga atakuwa dume au jike, na jambo hilo limeshakwisha kabla ganda halijaanza kujengwa juu ya yai. Umbo la ganda litajuaje?

Kijana mmoja wa duka la pembejeo alinionyesha kupima manyoya ya bawa la kifaranga wa siku moja. Njia hiyo ni ya kweli, ila ni kwa kuku waliozalishwa makusudi ili tofauti hiyo ionekane. Kwa wangu haikufaa kitu.

Basi koo wawili walipoangua kwa pamoja na vifaranga 16 wakabaki salama, nilinunua daftari. Kila kifaranga nilimpaka rangi ya kucha kwenye kidole chake, rangi tofauti au kidole tofauti, nikawa narudia inapofifia. Mwanzoni nilikuwa nimewafunga uzi miguuni, nikauacha baada ya siku chache, maana mguu unanenepa haraka na uzi unakata nyama. Kila Jumapili jioni, wakishaingia bandani, nilimshika mmoja mmoja na kuandika.

Wiki ya tano, undu (kile kishungi cha nyama kichwani) wa baadhi yao ulianza kuwa mwekundu na kuinuka, wengine ukabaki mdogo na wa njano iliyopauka. Sita niliwaandika pora bila wasiwasi, na wote sita walikuwa pora kweli. Kwa wenye damu ya kuchi nilipotea kabisa. Kuchi ana undu mdogo uliolala kichwani, dume na jike, tena jike lake lina miguu mirefu na shingo ya kusimama wima. Watatu niliwaandika pora kwa sababu ya urefu tu. Wawili kati yao leo wanataga. Tangu hapo simlinganishi kuchi na kuku wa kawaida. Namlinganisha na ndugu yake wa kuchi aliyeanguliwa naye siku moja.

Wiki ya nane niliona pora wamechelewa kuota manyoya mgongoni. Dada zao walikuwa wamefunikwa vizuri, wao bado mabega yako wazi, na miguu yao minene zaidi. Hii inasaidia, lakini kuku aliyeugua au aliyenyimwa chakula na wenzake naye huchelewa, kwa hiyo sikuitegemea peke yake.

Alama iliyonipa uhakika ilitokea kati ya wiki ya 11 na ya 13. Angalia kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Manyoya ya mtetea yana ncha ya mviringo, kama kijiko. Pora anaanza kuota manyoya mapya membamba, marefu, yanayong'aa, yenye ncha kali, yakidondokea pembeni. Yanaanza machache, mawili au matatu, yamejificha chini ya yale ya zamani, ndiyo maana huwezi kuyaona kuku akitembea uani. Mimi humweka mapajani, namulika tochi, napekua kwa kidole gumba. Wakati huo unagongana na chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle), ambayo mimi huirudia kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni. Kwa kuwa lazima nimkamate kila kuku, namaliza kazi zote mbili usiku mmoja.

Kusubiri kuwika kulinichelewesha sana zamani. Penye jogoo mkubwa, pora wengi hunyamaza kwa kumwogopa. Wale wawili wa jirani waliwika kwa sababu kwake hakukuwa na jogoo.

Daftari lilifunga na pora tisa na mitetea saba. Pora nawatenga mapema sasa, maana jogoo mmoja anawatosha mitetea wanane hadi kumi, na majogoo wakizidi wanawachosha majike. Mtetea simuuzi kabla ya miezi mitatu. Bei imepanda kidogo kwa sababu ya chakula, na wateja nawaeleza wazi kwa nini.

Mwezi uliopita yule mama alirudi kutaka watatu. Nilimpa tochi apekue mwenyewe. Wawili aliwaweka kwenye tenga. Wa tatu, mwenye damu ya kuchi, akamgeuza mara mbili akanitazama.

"Na huyu?"

"Huyo bado, mama. Tumpe wiki mbili."