Punda wawili wagumu na wasaidizi wasiozoea punda: kumbukumbu ya mradi, Isyonje

Mradi una punda wawili: dume aliyehasiwa, mtulivu njiani lakini hataki miguu yake iguswe, na jike wa kijivu anayeogopa mikono ya mtu asiyemjua. Kazi yao ni kushusha viazi mviringo kutoka mashamba ya Uporoto hadi barabara ya Mbeya–Tukuyu. Nyumbani anayewajua punda ni mmoja tu, mwenyeji wao. Mke, shemeji, bibi na watoto wakubwa hawakukulia na mnyama huyu, na kwa Nyanda za Juu Kusini hilo si ajabu. Hata Makete punda wa mizigo walienezwa katika miaka ya 1980, kupitia mradi wa usafiri vijijini uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Watu wengi wa huku wanamjua ng'ombe, na wakipewa punda wanamshika kama ng'ombe. Shida nyingi zinaanzia hapo.

Ng'ombe ukimswaga kwa nyuma, anakwenda mbele. Punda ukimswaga akiwa na wasiwasi, anasimama kabisa. Farasi akiogopa hukimbia. Punda huganda kwanza, anaangalia, anapima. Ukiongeza kelele na fimbo wakati ameganda, hatua inayofuata ni teke. Anaitwa mkaidi kumbe anauliza kama mbele kuna usalama.

Lengo la mradi ni dogo: mtu yeyote mzima wa nyumbani aweze kumshika punda kwa dakika kumi wakati kwato zinasafishwa, kidonda kinaoshwa au daktari wa mifugo anachoma sindano. Msaidizi hahitaji kuwa mjuzi wa punda. Anahitaji mahali pamoja pa kusimama, kazi moja ya mikono na maneno matatu.

Vifaa

Kamba ya shingoni imeondolewa moja kwa moja. Kamba yenye kitanzi kinachokaza humkaba punda anaporudi nyuma, naye akikabwa huvuta zaidi. Mahali pake tumeshona hatamu za mikanda bapa ya turubai la lori, upana wa sentimita 3. Mkanda wa puani unakaa chini ya mfupa wa shavu kwa upana wa vidole viwili, wala usishuke hadi kwenye nyama laini karibu na matundu ya pua, maana hapo unabana pumzi. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi.

Kamba ya kushikia ni ya pamba, unene wa milimita 15, urefu wa mita 3. Ya nailoni ikiteleza inaunguza kiganja, na msaidizi akiungua mara moja harudi tena. Ya katani inachubua, lakini uzi wa katani wa kushonea magunia una kazi yake: tunafunga kitanzi cha uzi huo kwenye nguzo, kamba ya punda inafungwa kwenye uzi, si kwenye nguzo. Punda akishtuka na kujitupa nyuma, uzi unakatika kabla ya shingo yake kuumia. Fundo ni lile la kufyatua, linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, na linakaa usawa wa macho yake. Likiwa chini, anaweza kupitisha mguu juu ya kamba.

Miguuni ni gambuti, si ndala. Kanga ifungwe vizuri au iwekwe pembeni, kwa sababu nguo inayopepea karibu na jicho la punda inatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Punda kwanza, watu baadaye

Msaidizi asipewe punda ambaye mwenyeji mwenyewe bado anahangaika naye. Hatua zote zinafanywa kwanza na anayemjua, hadi mnyama asimame bila kufungwa, na punda mwenzake lazima awe mbele ya macho yake. Punda wanaoishi wawili hushikamana sana. Ukimpeleka mmoja nyuma ya nyumba, aliyebaki hasikilizi tena jambo jingine.

Kwa dume, miguu ilianzwa kwa fimbo ya mita moja na nusu iliyofungwa kitambaa laini mwishoni. Unasimama begani, kitambaa kinapita mgongoni, kiunoni, pajani, kisha kinashuka mguuni taratibu. Akipiga teke, linagonga fimbo. Siri iko kwenye wakati wa kuondoa: kitambaa kinabaki pale pale hadi mguu utulie, hata kwa sekunde moja, ndipo kinaondolewa. Ukiondoa wakati anapiga, umemfundisha kwamba teke ndilo linaloleta nafuu. Vipindi viwe vifupi, dakika kumi zinatosha, na viishie kwenye jambo analoliweza.

Baada ya hapo ndipo mtu wa pili anaingia, na mara ya kwanza hashiki chochote. Anakuja, anasimama, anajikuna, anaondoka. Jike wa kijivu ndiye aliyehitaji hatua hii zaidi kuliko nyingine zote.

Mahali pa kusimama

Hili ndilo kiini cha mradi, na ndilo wasaidizi hulikosea zaidi. Mtu asiyezoea husimama mbele ya uso wa punda, anamkazia macho, anavuta. Hapo ana hatari tatu: punda hamwoni vizuri, kwa sababu mbele kabisa ya pua kuna eneo ambalo macho ya pembeni hayafiki, akiruka mbele anampitia mtu, na kuvutwa uso kwa uso kunamfanya agande.

Msaidizi asimame pembeni, kati ya kichwa na bega, akitazama upande uleule anaotazama punda au ameelekea bega lake kidogo. Mkono wa karibu unashika kamba sentimita 20 hivi chini ya hatamu. Mkono wa pili unashika kamba iliyobaki, imekunjwa mikunjo ya kwenda na kurudi. Kamba haizungushwi kiganjani kamwe. Punda wa kilo 150 akiondoka ghafla, kamba iliyozungushwa inaondoka na vidole.

Kanuni ya pili: msaidizi na mfanyakazi, yaani anayesafisha kwato au kuchoma sindano, wawe upande mmoja wa punda. Wengi hudhani ni salama kugawana, mmoja kushoto na mwingine kulia. Sivyo. Kichwa kikivutwa kushoto, makalio huenda kulia. Kama daktari yuko kushoto na msaidizi yuko kushoto, punda akianza vurugu msaidizi anavuta kichwa upande wao, na miguu ya nyuma inahama mbali na wote wawili. Akiwa upande wa pili, mvuto uleule unamletea daktari mateke. Mfanyakazi akihamia kulia, msaidizi naye anahamia kulia, na kazi haianzi tena kabla hajafika.

Nyuma ya msaidizi pawe wazi. Kona yetu ya kazi ina boriti za milingoti pande mbili, pande nyingine mbili hazina kitu. Mtu asibanwe kati ya punda na ukuta hata kama punda ni mpole.

Maneno matatu

"Shika" maana yake kamba iwe fupi lakini isivutwe. "Legeza" maana yake teremsha mkono, mpe shingo. "Ondoka" maana yake achia kamba yote na rudi nyuma hatua tatu, bila kuuliza. Neno la tatu lazima lifanyiwe mazoezi bila punda, kwa sababu silika ya mtu ni kung'ang'ania kamba ili mnyama asipotee. Punda aliyetoroka uani anarudi kwa mwenzake. Mfupa uliovunjika ni habari nyingine.

Neno gumu kuliko yote kwa wasaidizi ni "legeza". Wanashika kwa nguvu mfululizo, na punda anayebanwa mfululizo hana namna ya kujua kwamba amefanya vizuri. Shemeji alipoambiwa ahesabu pumzi za punda badala ya kumtazama usoni, mikono yake ilitulia yenyewe.

Mvua, Novemba hadi Aprili

Matope ya Uporoto hulainisha kwato, na uchafu mweusi unaonuka huanza kuoza kwenye mifereji ya pembeni mwa ile pembetatu laini ya chini. Kusafisha kumekuwa kwa kila siku, na kila siku kunahitaji mshikaji. Mwenyeji anasimama begani akitazama mkia, mkono unashuka nyuma ya mguu hadi juu ya kifundo, anabana kano kidogo. Mguu ukiinuka, unabaki chini ya mwili wake mwenyewe. Kosa kubwa ni kuuvuta nje au kuuinua juu mno. Punda ni mfupi, nyonga inauma, anapokonya mguu, kisha anahesabiwa mkaidi. Mchokoo, kifaa cha kuchokolea uchafu wa kwato, unatoka kisiginoni kwenda mbele. Kupunguza kwato kwa koleo na tupa kunafanyika kila wiki 6 hadi 10.

Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, kwa hiyo kazi yote inafanyika chini ya paa. Punda aliyelowa na kutetemeka hana subira na mtu.

Kupakia

Hapa wasaidizi wanahitajika wawili pamoja. Lumbesa haipandi juu ya punda. Mzigo wote usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50 kwa punda wa kilo 150, ukigawanywa kwenye shogi (mifuko inayoning'inia pande mbili za punda) kilo 25 kila upande. Pande zote mbili ziinuliwe kwa wakati mmoja. Ukianza na upande mmoja, tandiko linazunguka hadi tumboni, na punda aliyepatwa na hilo atakataa kusimama kwa muda mrefu.

Punda aliyekuwa akisimama vizuri akianza ghafla kukataa tandiko, kwanza pitisha kiganja mgongoni na kwenye mbavu. Punda huficha maumivu sana. Kidonda kinaoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, lita 1 kwa kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, na mzigo unasimama hadi ngozi ifunge. Chanjo ya pepopunda aulizwe daktari wa mifugo.

Bibi na watoto

Bibi hashiki kamba, lakini kazi yake ina uzito: anakaa mbali kwenye kigoda na kutazama mkia, masikio na mguu wa nyuma. Mkia ukibanwa, masikio yakilala nyuma au mguu ukianza kuinuliwa kidogo, anasema "Baba, amebadilika," na kila mtu anasimama. Mtu aliyeinama kwenye kwato hawezi kuyaona hayo.

Watoto wanapiga brashi bega na shingo, mzima akiwa ameshika. Karoti inakatwa kwa urefu, si vipande vya mviringo vinavyoweza kukwama kooni, na inawekwa kwenye beseni. Punda anayelishwa mkononi hujifunza kuuma mifuko.

Hali ilivyo

Dume anatoa miguu yote minne akishikwa na mke au shemeji. Jike anatoa miwili ya mbele kwa mshikaji yeyote, na wa nyuma wa kushoto kwa mke tu. Wa nyuma wa kulia umerudishwa kwenye fimbo ya kitambaa, mwanzo kabisa, na hakuna koleo litakalougusa kabla hajaweza kuutuliza mbele ya mshikaji. Kazi inayofuata ni kumzoesha harufu ya spiriti na mkono unaobana ngozi ya shingo, kabla ya siku ya chanjo.