Mwinue mdomo wa juu, uangalie

Zamu ya mswaki wa usiku ni yangu. Binti yangu ana miaka minne, na akiamua kubana midomo, amebana. Siku hizi sisimami naye tena mbele ya sinki. Nakaa kitandani, ananilazia kichwa mapajani akitazama dari, nami namsafisha nikiwa upande wa kichwani: mkono mmoja unainua mdomo wa juu, mwingine una mswaki. Anaimba huku povu likimtoka, si haba.

Mkao huu nilifundishwa na daktari wetu wa meno, na faida yake si usafi peke yake. Unaona. Wazazi wengi tunangoja shimo jeusi, kumbe kuoza huanza na weupe. Siku ile daktari alipuliza hewa kwenye meno ya mbele yakakauka, na mstari mweupe uliopauka kama chaki ukajitokeza pale jino linapokutana na fizi. Akaniambia hapo jino limeanza kupoteza madini ila halijatoboka, kwa hiyo bado linaweza kuokolewa bila kuchongwa. Akalipaka vanishi ya floraidi, madini yanayoliimarisha jino, kazi ya dakika chache, akasema asile vitu vigumu na usiku ule tuache mswaki. Mgonjwa mwenyewe alilalamikia ladha tu.

Ukijua jino linavyooza, masharti yake hayakuchoshi. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayoliondolea jino madini. Mate huipunguza makali asidi hiyo na kulirudishia jino madini, lakini yanahitaji muda. Ndiyo maana kikombe cha juisi kinachonyonywa kidogo kidogo mchana kutwa kina madhara zaidi kuliko kilekile kikinywewa mara moja wakati wa chakula. Usingizini mate hupungua sana, kwa hiyo chupa ya kulalia ni hatari, hata ikiwa na maziwa matupu, maana nayo yana sukari yake. Baada ya mswaki wa usiku, kwetu ni maji tu.

Dawa ya meno iwe na floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, kisha punje ya njegere hadi miaka sita. Ateme, asisukutue, floraidi ibaki ikifanya kazi. Na usimwachie mswaki peke yake mpaka afike miaka saba au minane, hata akikuapia kwamba anaweza. Wangu anaapa kila siku.

Kinachoniudhi ni ile kauli ya “si ya utotoni hayo, yatang'oka tu.” Yatang'oka lini? Magego ya utotoni hukaa mpaka miaka kumi au kumi na miwili hivi, na jino lililooza linauma vilevile, likafika hata kutunga usaha. Halafu kuna gego la kwanza la ukubwani, ambalo huchomoza nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka kama sita. Halisukumi jino lolote, kwa hiyo nyumbani hakuna anayeshtuka, na wengi hulidhania la utotoni. Lina mifereji mirefu inayoshika chakula, na daktari anaweza kuiziba kwa utomvu maalumu kabla haijaoza. La binti yangu bado, lakini daktari ameshaniagiza nimpeleke mara tu nitakapoliona.