Sahani za mama yake Ford

Jumamosi nilikuwa Dearborn, Michigan, ndani ya nyumba aliyozaliwa Henry Ford mwaka 1863. Baba yake, William, alihamia Marekani kutoka Ireland mwaka 1847. Mama yake, Mary, alifariki 1876, Henry akiwa na miaka 12 tu.

Mtu aliyejaza dunia magari, kumbe alikuwa mkusanyaji wa vikuukuu! Alipoikarabati nyumba hii alifukua uani, akaokota vigae vya sahani za mama yake, akaagiza nyingine za nakshi ileile. Nikakumbuka bakuli la bibi yangu, lile lenye ufa. Tulilitupa wenyewe siku ya kuhama.

Lakini gazeti lake huyuhuyu lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi. Sahani hazikunisahaulisha hilo.