Nilikuwa natundika shati kwenye sprinkla

Ndio, nakiri. Sprinkla, kile kidude kinachochomoza kwenye dari chumbani, cha kumwaga maji nyumba ikishika moto, miezi sijui mingapi nilikuwa nakitundikia henga, shati limeshapigwa pasi linasubiri asubuhi, na wala sikuona tatizo. Halafu akaja fundi rangi akapaka dari yote, na kidude nacho akakipitia humohumo kikawa cheupe pee, mimi nikamsifia kabisa kwamba kazi safi.

Fundi wa sprinkla alivyokuja kukagua akakitazama, akatazama henga, akanitazama mimi. Kimya. Akatoa kipya kwenye begi akanitia kiganjani, "hebu cheki hapo katikati". Kuna kichupa cha kioo, chembamba kuliko kalamu, ndani kina majimaji mekundu na kapovu kamoja ka hewa kanakotembea ukikiinamisha. Basi mtambo wenyewe ndo huo! Kichupa kimekaza kizibo, nyuma ya kizibo maji yanasukuma usiku na mchana, sasa moto ukiwaka joto linapanda darini, yale mekundu yanatanuka, kapovu kanabanwa mpaka kanaisha, kioo kinapasuka, kizibo kinaruka, maji hayo. Chekundu kinapasuka kwenye nyuzi 68, cha rangi ya chungwa 57. Hakuna umeme wala waya. Ukikipaka rangi joto linachelewa kukifikia na kizibo kinaweza kugandia, na eti hakisuguliwi, kinabadilishwa tu. Henga nayo, ukivuta vibaya kichupa kinavunjika, unaoga wewe na godoro lako.

Mimi siku zote nilikuwa najua ukiunguza mkate tu nyumba nzima inanyeshewa, manake kwenye muvi mtu anawasha kiberiti chini ya kimoja na jengo zima linalowa. Uongo mtupu. Moshi haukifungui, chenyewe kinataka joto, na kinachofunguka ni kile kilichopata joto, wenzake wametulia. Moto mwingi wa nyumbani kimoja kinaumaliza au kinaubana usisambae. Nikamwambia fundi lakini si vitu vinaharibika na maji, akacheka, mpira wa zimamoto unamwaga mamia ya lita kwa dakika, hiki makumi tu, tena kinaanza wakati zimamoto hata hawajapigiwa simu. Hapo nikakosa jibu.

Ila kengele ya moshi bado unaihitaji, hapa alinikamata tena. Godoro linaweza kufuka taratibu muda mrefu bila joto la kupasua kichupa, na moshi ule unaua mtu usingizini. Akabonyeza kitufe cha kengele yangu, haikulia. Betri nilishaitoa mimi mwenyewe nikaweka kwenye rimoti (tusihukumiane). Kitufe kibonyezwe kila mwezi, na kengele yenyewe ikifika miaka 10 inatupwa hata kama inalia vizuri. Na usiku mlango wa chumba ufungwe, moto na moshi vinapata kazi kupita.

Mafuta yakiwaka kwenye kikaango nilishajua, funika mfuniko, zima jiko, usimwage maji. Angalau hapo nilipata maksi.

Kile kilichopakwa rangi nilikiomba, kipo mezani hapa. Nimekikwangua kidogo kwa kucha, kapovu bado kanatembea. Shati sasa hivi liko nyuma ya mlango.